Makufuli 14, gambuti 9 na mkataba wetu wa hali bora

Habari zenu jamani. Nimepotea humu tangu mwezi wa nne najua, na wapo walionitumia meseji kuuliza kama simba kanila. Hajanila. Nimechaguliwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale kazini, ambayo kiukweli naona inafanana fanana na kuliwa ila taratibu, kidogo kidogo, kila jioni baada ya kazi.

Kwa wageni, mi ni mhudumu wa wanyama kwenye bustani moja ya umma ya wanyama huku kwetu Mbeya. Sitaitaja jina, na wanaonijua mnaijua basi nyamazeni hivyo hivyo. Nalisha, nafagia, nahesabu, nafunga. Tuko wafanyakazi 64 ukijumlisha walinzi, watu wa geti, uhasibu, daktari wa mifugo na sisi wa vizimbani. Na wiki ijayo Alhamisi kwa mara ya kwanza tunakaa meza moja na menejimenti kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu malipo na mazingira ya kazi. Miaka yote tumeishi kwa huruma. Yaani bosi akiwa mzuri mnapata makoti ya mvua, akija mwingine makoti yanaisha na yeye anasema hajakuta barua yoyote.

Sasa watu wakisikia majadiliano wanadhani ni kwenda kule kupiga meza na kuongea kwa ukali. Mi nilidhani hivyo pia. Kumbe asilimia kubwa ya kazi ni kuhesabu vitu.

Cha kwanza kuhesabu ni watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kile kifungu cha 67 ambacho nimekisoma mpaka nakiota, inasema chama kikiwa na wafanyakazi walio wengi kwenye hilo eneo ndio kinakuwa na haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Walio wengi, sio wanaoongea sana. Kwahiyo kwa watu 64 tulihitaji angalau 33 waliojaza ile fomu ya kukubali makato ya ada ya chama, TUF 6. Tulianza na 19. Nilizunguka na zile fomu kwenye mkoba kama muuza vitenge, geti, stoo, karakana, jikoni kwa wanyama, na kila mtu ana sababu yake. Mmoja anaogopa kuhamishwa, mwingine anasema makato yatamuua, mwingine anasema mkishinda si nitapata tu na mimi. Huyo wa mwisho nilimweleza taratibu kwamba chama kikishatambuliwa kuna kitu kinaitwa ada ya uwakala, hata usipojiunga unaweza kukatwa maana mkataba unakufunika na wewe. Akaniangalia kama nimemwibia kuku. Kesho yake akaja kuomba peni. Tulifika 41. Tukapeleka notisi, mwajiri ana siku 30 za kukutana na nyie, na kama hakuna kinachoeleweka mnaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hatukufika huko, mkataba wa kutambuana ulisainiwa siku ya 26, nadhani walihesabu na wao.

Baada ya hapo ndio kikaja kikao cha kukusanya madai, na hapa ndio nataka kukaa kidogo.

Tulikaa kwenye stoo ya majani, jioni, mwezi wa saba, na mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa saba ikoje, watu wamejifunga mashuka juu ya ovaroli. Vijana wakaanza: mshahara, mshahara, mshahara. Mmoja akakumbushia Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Rais alivyotangaza kima cha chini cha utumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000, asilimia 35.1, na yeye akasema basi na sisi tuombe 35.1 kwa kila mtu. Makofi. Nikajua hapa kuna kazi. Maana hata 2022 tulisikia 23.3 kila mtu akapiga hesabu ya kununua bodaboda, mwisho wa mwezi kumbe ile asilimia ilikuwa ya kima cha chini, waliokuwa juu yake wakapata kidogo, wengine walitania mpaka wakachoka.

Nikawaambia ukweli ambao haukunipa makofi. Sisi ni taasisi ya umma. Meneja wetu hata akilia machozi hawezi kusaini nyongeza ya mshahara mwenyewe pale mezani, viwango vinapita Utumishi, vinapita Hazina. Tukienda na mshahara kama dai la kwanza atatuambia kwa upole kabisa "jamani mimi nakubaliana nanyi ila sio mamlaka yangu", chai italetwa, karanga zitaletwa, na saa tatu zimeisha. Mshahara uandikwe ndio, ila usiwe mlango wa kuingilia. Mlango uwe kitu ambacho yeye mwenyewe ana ufunguo wake.

Na nikawaelezea kufuli.

Hii sijawahi kuiandika humu. Kizimba cha simba kina sehemu mbili, nje anapokaa wageni wakimwona na ndani anapolala. Asubuhi unamwita ndani kwa nyama, unashusha lango kwa waya, unafunga makufuli mawili, ndio unaingia kule nje kufagia. Utaratibu ni watu wawili. Mmoja anafunga, wa pili anavuta kila kufuli kwa mkono wake na anabaki na ufunguo. Ila kwasababu hatutoshi, tangu mwaka juzi asubuhi nyingi ni mtu mmoja. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, ukungu umeshuka hadi chini sioni hata ukuta wa nyani, vidole vimekufa kwa baridi. Nikashusha lango, nikafunga, nikachukua fagio na toroli. Nimeshafungua mlango wa nje, mguu mmoja ndani, nikamtazama simba kupitia nondo. Sasa simba akiwa na nyama mbele yake haangalii kitu kingine, we pita, imba, anguka, hana habari na wewe. Siku hiyo nyama ilikuwa mbele yake na yeye alikuwa anaangalia lango. Ametulia tu, anaangalia lango. Nikarudisha mguu. Kufuli la chini lilikuwa limeingia ila halijauma, limening'inia, na lile la juu sikulifunga kabisa, lilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikaa chini kwenye yale majani nikacheka, sijui kwanini nilicheka. Halafu nikafunga, nikafagia, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia mtu miezi saba.

Nilivyomaliza kusimulia stoo ilikuwa kimya. Halafu mzee wetu wa fisi, ana miaka zaidi ya 20 pale, akasema, "Mimi yangu ilikuwa kwa chui." Mwingine akasema yeye mamba, lango lilikuwa na kutu. Kijana aliyetaka 35.1 naye akasema nyani alimng'ata akaambiwa apake spiriti. Ilienda hivyo mpaka saa mbili usiku. Dai letu namba moja ni hili sasa: hakuna mtu kuingia kizimba cha mla nyama peke yake, na asubuhi ambayo wawili hawapo kizimba hakifagiliwi, na mtu asiandikiwe barua kwa kukataa.

Ila dai bila hesabu ni malalamiko tu. Najua jibu watakalotupa, watasema hatuna ikama, yaani idadi ya watu tulioruhusiwa kuwa nao, vibali vya kuajiri havijatoka, na ni kweli. Kwahiyo tukachukua roster ya miezi mitatu tukaiweka chini. Bustani inafunguliwa kwa wageni saa 3 asubuhi. Vizimba vinafagiliwa saa 1 mpaka saa 3. Na kwenye masaa hayo hayo mawili kuna watu watatu wamepangwa getini kukatisha tiketi kwa wageni ambao hawapo. Hao watatu sio lazima washike fagio, wanatakiwa tu kuvuta kufuli na kushika ufunguo, mafunzo ya siku mbili. Haihitaji kibali cha mtu yeyote Dodoma. Wenzetu wa geti walinuna kidogo, mmoja akasema yeye aliajiriwa kukata tiketi sio kuliwa, tukaongea nao vizuri, wamekubali ila wanataka posho ya mazingira hatarishi kama sisi. Ni haki yao, tumeweka.

Halafu tukahesabu vifaa. Nilipita stoo na daftari: makufuli 14 ya vizimba vya wala nyama, 5 yana kutu, 2 yanafunguka ukiyagonga na jiwe, nimejaribu mbele ya mashahidi. Gambuti jozi 9 kwa watu 23 wanaozihitaji, na namba zote ni 43, sijui aliyeagiza alikuwa anavaa mwenyewe. Mi navaa 38, nazijaza soksi. Glovu za ngozi jozi 4. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003 na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwahiyo hapa hatuombi zawadi. Tunachotaka kwenye mkataba ni tarehe, yaani vifaa vinatoka mwezi gani, jozi ngapi kwa mwaka, na vikichelewa nini kinatokea. Neno "mwajiri atatoa vifaa" peke yake halina meno.

Kwenye afya daktari wetu wa mifugo alitusaidia sana, kaka yule Mungu ambariki. Alituandikia ukurasa mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa tuchomwe kabla sio mpaka mtu ang'atwe, na ukishang'atwa unaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 halafu unaenda hospitali hata kama ulishachanjwa, sio spiriti. Kupimwa kifua kikuu kila mwaka kwa watu wa nyani, maana sisi tunaweza kuwaambukiza na wao kutuambukiza. Na kitu ambacho hata mi sikukijua miaka yote hii: kinyesi cha jamii ya paka, simba na chui wakiwemo, kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tumekuwa na dada wawili wajawazito wakifagia kwa chui. Hakuna aliyewaambia. Hilo tumeandika kwa herufi kubwa, mjamzito ahamishwe kazi hiyo siku anayoleta kadi ya kliniki, bila kupunguziwa kitu, na akirudi kutoka uzazi yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku ambayo sheria inayataja yawekwe kwenye roster, yasiwe ya kuombwa kwa msimamizi kila asubuhi.

Hela sasa, maana najua mmesubiri.

Bustani inajaa lini? Idi, Pasaka, Nanenane, siku ya pili ya Krismasi. Siku ambazo nyie mnakuja na watoto na aiskrimu sisi tuko kazini, na tumekuwa tukipewa 10,000 na soda. Sheria inasema ukifanya kazi sikukuu ya kitaifa unalipwa mara mbili ya mshahara wako wa msingi kwa kila saa. Dada wa uhasibu akanifundisha hesabu. Unachukua mshahara wa mwezi unagawa kwa 195, ndio masaa ya mwezi kwa mtu wa masaa 45 kwa wiki. Chukua 500,000, saa moja inakuwa kama 2,564. Mara mbili ni 5,128. Kwa masaa 9 ni kama 46,150. Mi mwaka jana nilifanya kazi sikukuu 11. Zidisha mwenyewe. Ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, na nilipewa soda.

Nilivyoonyesha hiyo kwenye karatasi, hawa hawa vijana wa 35.1 wakanyamaza halafu mmoja akasema "kwahiyo nyongeza ilikuwepo siku zote". Ndio mdogo wangu, ilikuwepo.

Usiku ndio kichekesho. Sheria inasema nyongeza ya kazi ya usiku, saa 2 mpaka saa 12 asubuhi, isipungue asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Kwa mshahara huo huo ni kama 128 kwa saa, usiku mzima 1,280. Chai na chapati mbili pale Kabwe, imeisha. Mlinzi wetu mmoja akasema hiyo bora wasimpe. Lakini kwa sheria hicho ni kiwango cha chini, na mkataba wa hali bora kazi yake ndio hiyo kupanda juu ya chini, tumependekeza asilimia 15 na tumejiwekea wenyewe mahali pa kusimama.

Hapo kwenye mahali pa kusimama ndio nilipoharibu. Niliandika rasimu nzuri, upande wa kushoto tunachopendekeza, upande wa kulia kiwango cha mwisho tutakachokubali. Nikaituma kwenye grupu la kamati. Kumbe niko kwenye lile grupu lingine la kazini la kutakiana birthday na misiba, lenye meneja ndani. Niligundua baada ya dakika 4, nikafuta kwa wote, ila watu 11 walishaona na mmoja wao akaniwekea kidole gumba. Sikulala. Kamati ilinisema nusu saa na nilistahili. Tulibadilisha upande wa kulia wote, na sasa karatasi ya mwisho iko kwenye daftari la mkono, linakaa ndani ya debe la unga kwa mwenyekiti. Mkiwa mnajiandaa kwa kitu kama hiki msiandike kiwango cha mwisho kwenye simu, nimeongea na maumivu.

Kuna babu mmoja wa Tukuyu, zamani alikuwa kiongozi wa tawi kwenye mashamba ya chai, tulimfuata Jumamosi kwa Noah tukiwa watano, na mkungu wa ndizi sijui kwanini tumepeleka ndizi Tukuyu. Tulimpa shikamoo, akatukalisha uani akasema yeye atakuwa mwajiri. Nikaanza, "Mheshimiwa, sisi wafanyakazi tunaomba..."

"Mwanangu," akanikata, "maombi yanapelekwa kanisani. Hapa sema mnapendekeza."

Alitutesa masaa mawili. Ukisema dai anakaa kimya anakuangalia, na sisi kwa woga tunaanza kujipunguzia wenyewe, kutoka asilimia 15 mpaka 10 yeye hajafungua mdomo. Akacheka sana. Akasema kimya cha mwajiri msikijaze. Akasema mmoja wenu aandike tu asiongee kabisa, na mkianza kupishana wenyewe kwa wenyewe ombeni mapumziko mtoke nje mkagombane kule. Na akisema hakuna bajeti mwulizeni, hamtaki au hamna? Akisema hatuna, mwambieni basi tuonyesheni, maana kwenye majadiliano mwajiri anatakiwa kutoa taarifa zinazohusika. Tumeshaandika barua ya kuomba mapato ya viingilio vya siku za sikukuu kwa miaka miwili. Haijajibiwa bado. Ndaga fijo babu, asante sana.

Mwisho kuna suala la mgomo, vijana walilileta mapema sana, kabla hata hatujakaa. Njia yake ipo, inapita usuluhishi siku 30, halafu kura, halafu notisi ya masaa 48. Ila mi nililala nikifikiria, tukigoma nani anampa maji nyani aliyejifungua juzi? Sheria inaruhusu pande mbili kukubaliana huduma za chini wakati wa mgomo, kwahiyo tumeiandika sisi wenyewe kwenye rasimu yetu: chakula, maji, dawa na ulinzi vinaendelea, majina kwa zamu, usafi wa bustani na geti hapana. Wengine wamelalamika kwamba tumetupa silaha yetu. Sioni hivyo. Picha moja ya swala aliyekondeana ikisambaa kwenye simu za watu wa Mwanjelwa hakuna atakayeuliza habari za gambuti zetu tena, na pia, jamani, sisi ndio tunawajua kwa majina wale wanyama.

Barua ya kikao ilikuja Jumatatu: Alhamisi saa 3 kamili asubuhi, watu watano wa kamati. Tukaangaliana. Watano hao, watatu ni wa vizimbani, na saa 3 ndio tunamalizia kulisha, ina maana asubuhi hiyo simba, chui na fisi wanabaki na mtu mmoja. Yaani kikao cha kujadili mtu asiingie peke yake kinamfanya mtu aingie peke yake. Tukajibu kwa barua ya mistari minne kupendekeza saa 8 mchana, tumeandika "tunapendekeza", babu angefurahi. Leo jioni sekretari kanipigia, dada umeshinda, saa 8. Sijui kama hiyo inahesabika.

Nimechoka, naenda kulala. Zamu yangu kesho inaanza saa 12 na nusu na ndio nakumbuka sasa hivi kwamba sijatoa nyama ya fisi kwenye friza ianze kuyeyuka, ngoja nimpigie mlinzi wa usiku, yule wa 1,280.